Somo Lililofuta Hotuba

Mwezi wa tatu mwaka huu nilialikwa kuzindua chumba cha kompyuta katika shule ya sekondari niliyostaafia hapa Tabora. Kukata utepe na kusema maneno ya hekima ni kazi wanayopewa wastaafu kwa sababu tumekwisha kunyang'anywa nyingine zote, nami sikukataa, maana waliniletea gari. Chumba kilikuwa stoo ya majembe enzi zangu. Sasa kimepakwa rangi ya krimu, kina feni juu, na kila kompyuta imefunikwa kitambaa kama mtungi wa maji ya kunywa. Msichana wa kidato cha pili ndiye aliyepewa kazi ya kunionyesha. Aliandika jina langu kwenye kioo, akalifuta, kioo kikabaki cheupe, kisha akabonyeza vitufe viwili na jina langu lote likarudi mahali pake. "Umeona, bibi? Hapa ukikosea ukafuta kitu hakipotei. Unakirudisha tu." Walimu wakapiga makofi. Mimi nikamwambia hongera, mwanangu, nikatafuta kiti, na watu wakadhani ni joto.

Nilikuwa bado nimeshika chupa ya soda waliyonipa, Salma aliponipigia simu. Salma ni rafiki yangu tangu shule, binti wa wenye duka, katika ukoo wa Waarabu wa Tabora ambao babu zao walifika hapa na misafara na hawakuondoka tena. Hana tabia ya kuzungusha maneno. "Zuhura," akasema, "Mwalimu Nkwabi amefariki. Wanazika kesho, Igunga. Mimi miguu hainichukui, wewe nenda." Nikamwambia nitaona. "Hapana kuona. Miaka yote hii unaona tu. Nenda." Akakata. Nikabaki nimekaa mbele ya zile kompyuta, nikiwaza mashine nyingine kabisa, yenye vitufe vitano na kishikio cha ngozi, niliyopewa kuitunza mwaka ule nilipokuwa kidato cha nne.

Nilikotoka hakuna haja ya kukueleza sana. Inatosha ujue kwamba nilitoka Goweko, kwenye tumbaku, na kwamba binti aliyefukuzwa shule huko kwetu alikuwa na kazi mbili tu zinazomngoja, kuolewa na kufunga majani ya tumbaku kwenye vijiti. Nilikuwa naogopa harufu ya tumbaku mbichi kuliko wengine walivyoogopa fisi. Ukishalijua hilo, umenijua.

Ulikuwa mwaka wa watu kuhamishiwa vijiji vipya, na pia mwaka wa unga wa njano. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi yakaja kwa meli kutoka nje, na ugali wetu bwaloni ukawa na rangi ya kiini cha yai bila hata dalili ya yai lenyewe. Tuliuita yanga. Tuliula na maharage yenye wadudu, na wadudu tukajifunza kutowatoa, kwa kuwa mpishi alikuwa anasema ndiyo nyama ya Jumatano. Bwalo lile lilikuwa refu, bati tupu bila dari, na saa saba mchana lilitoa mlio wa kutanuka kwa joto hata tukashindwa kusikiana. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi. Karatasi ndiyo ilikuwa taabu zaidi ya sabuni, maana daftari likiisha ulianza kuandika pembezoni, na pembezoni pakijaa unaandika kwa penseli juu ya wino. Nikiwasikia leo walimu wakilalamika kwamba mtandao uko polepole, nanyamaza, lakini moyoni nawacheka, na si kicheko kizuri.

Ile mashine iliachwa na mwalimu mmoja wa Kizungu aliyemaliza mkataba wake. Ilikuwa ya kunasia sauti, inatumia kaseti, inakula umeme wa ukutani au betri. Sisi tuliiita Tepu. Ilikuja na kaseti tatu na chupa moja ya wino mwekundu, maana yule Mzungu aliacha pia vitu vya mezani kwake, na vyote vikachukuliwa na Mwalimu Nkwabi aliyetufundisha fizikia. Nakutajia wino kwa sababu una kazi yake mbele. Walimu wengine mwaka ule walisahihisha kwa penseli. Wino mwekundu shuleni kwetu alikuwa nao mtu mmoja.

Mwalimu Nkwabi alikuwa Msukuma mrefu mwenye mashati mawili, na mfuko wa shati lile jingine ulikuwa umechanika, kwa hiyo siku za shati hilo kalamu yake nyekundu alikuwa anaichomeka kwenye soksi. Aliishi nyumba za walimu na mkewe na watoto, mkubwa wao Kabula, aliyekuwa darasa la saba. "Mwakani Kabula wangu atakaa dawati hilo," alikuwa anatuambia, akionyesha dawati langu, "kwa hiyo msilichore." Shida yake mwaka ule ilikuwa vipindi. Mara walimu wanachukuliwa wiki nzima kwenda kuhesabu nyumba kwenye vijiji vipya, mara sisi tunapelekwa shamba la shule tangu asubuhi, na mtihani wa mwisho unakuja vilevile. Katika kikao cha walimu alisema wazi kwamba mtihani hautauliza ni nyumba ngapi zimehamishwa. Nilipata habari hiyo jikoni, kwa mpishi, ambaye alijua ya vikao kuliko mwandishi wa vikao. "Yule bwana ana mdomo," mpishi alisema, akikoroga yanga. "Mdomo huo utamlaza njaa."

Akaibuni njia yake. Kila alipojua kwamba ataondoka, alitukusanya jioni ya kabla, akafundisha kipindi kizima mbele ya Tepu, ili siku ambazo hayupo tuisikilize na kuandika. Mimi akaniteua kuwa mtunza Tepu kwa sababu, alisema, nina mikono inayoogopa. Sijui kama wasomaji wa leo wataelewa jambo lile lilivyotugeuza. Mwalimu alikuwa mtu anayesema mara moja. Ukiwa hukusikia, basi, hukusikia. Sasa tulikaa maktaba, wasichana ishirini na wanane kuizunguka meza moja, na mimi kwa kidole kimoja nikamsimamisha Mwalimu Nkwabi katikati ya sentensi, nikamrudisha nyuma, akasema tena bila kukasirika. Wapo waliokuwa hawajawahi kuuliza swali tangu kidato cha kwanza. Walikuwa wananong'ona, "Zuhura, mrudishe kidogo," na wakaanza kufaulu. Mimi mwenyewe nilitoka alama nne hadi nane. Nimefundisha miaka thelathini na mitano baadaye, nimehudhuria semina za kila aina za zana za kufundishia, na sijaona darasa likijifunza namna ile.

Kaseti, nilisema, zilikuwa tatu. Ya kwanza ya masomo, tuliifuta na kuinasia tena mpaka mashine ikaitafuna, mkanda ukatoka umekunjamana. Ya pili ilikuwa ya kwaya ya shule. Ya tatu ilikuwa na hotuba ndefu ya kiongozi mmoja mkubwa kuhusu vijiji, iliyonaswa kutoka redioni kwa agizo la wilaya, na mkuu wa shule alikuwa amevunja vile vimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili mtu asiweze kunasa kitu kingine juu yake. Hotuba ile tulikuwa tumeisikiliza mara mbili, tumeijadili, tumeiandikia insha. Na kila msichana aliyewahi kushika kaseti alijua kwamba ukikunja karatasi ukaisokomeza kwenye kile kitundu cha kimeno, mashine inadanganyika, inakubali kunasa.

Ilikuwa wiki sita kabla ya mtihani. Mwalimu aliambiwa mchana kwamba kesho anaondoka kwa siku kumi, na somo la umeme tulikuwa hatujaligusa. Alikuja maktaba saa kumi na nusu, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Kaseti ipo?" akaniuliza. Nikasema, "Ipo, mwalimu." Hakuuliza ipi, nami sikusema. Ningeweza kuichukua ya kwaya. Lakini kwenye ile ya kwaya Salma alikuwa anaimba peke yake beti mbili, na nilimpenda Salma, na nikajiambia kwamba hotuba imekwisha kusikilizwa, hata magazetini ilitoka yote. Nilichana pembe ya ukurasa kwenye daftari langu la fizikia, nikaikunja, nikaisokomeza kwenye tundu, nikabonyeza. Hayo ndiyo makosa yangu, na nimeyaangalia kutoka kila upande kwa miaka yote hii. Hayakuwa na uovu. Yalikuwa makosa ya mtoto aliyependa somo kuliko hotuba, na ambaye hakuona kwamba mwaka ule vitu hivyo viwili havikuwa na uzito mmoja.

Lilikuwa somo zuri kuliko yote. Alianza kwa Kiingereza, akaona nyuso zetu, akarudi Kiswahili. "Mkondo wa umeme ni watu," alisema. "Waya ni njia. Na ukinzani ni nini? Ukinzani ni mlango wa duka la ushirika siku sukari imeletwa. Mlango mwembamba, watu wengi, wanasuguana, kunakuwa na joto. Nani hajawahi kutoka pale na jasho?" Tukacheka, naye akacheka, na yote hayo Tepu ikayanasa. Siku zilizofuata tulipelekwa shamba la shule tangu asubuhi mpaka giza, na kaseti ile hatukupata nafasi ya kuisikiliza.

Siku ya tisa yake huko vijijini, mstarini asubuhi, mkuu wa shule alitangaza kwamba wageni kutoka wilayani watakuja saa nane, na kwamba shule nzima itaisikiliza ile hotuba tena pamoja nao. Mkuu wetu alikuwa mama mwembamba mwenye woga wa kudumu. Mtoto wa ndugu yake mmoja alikuwa amepoteza kazi mwaka uliotangulia kwa neno moja tu. Mimi pale mstarini nikaanza kuhesabu. Nilikuwa na saa saba nzima za kwenda kumwambia mkuu. Badala yake nilikwenda maktaba nikatoa betri kwenye Tepu, nikazitupa chooni, na waya wa umeme nikauficha nyuma ya kabati la ramani. Saa nane nikasimama mbele ya bwalo lililojaa, nikasema shikamooni, nikasema betri zimekwisha na waya umepotea. Mgeni mmoja, mtu mnene mwenye suti ya mikono mifupi na sura ya upole, akatabasamu. "Marahaba, binti. Tulijua shule zina shida ya betri," akasema, na dereva wake akaleta betri sita mpya kutoka kwenye Landrova.

Niliibonyeza mimi mwenyewe. Nilikuwa naomba mkanda ukatike. Ikatoka sauti ya kiti kinavutwa, kikohozi, halafu sauti ya Mwalimu Nkwabi, wazi kabisa: "Haya, jana tulisema."  Mkuu wa shule akanitazama, nami nikatazama vidole vyangu, ambavyo havikwenda kwenye kitufe cha kuzima. Sijui kwa nini havikwenda. Mwalimu akaendelea mpaka kwenye mlango wa duka la ushirika, na watu wanaosuguana, na jasho, na hapo kikatoka kile kicheko chetu, wasichana ishirini na wanane tukicheka ndani ya mashine, mbele ya wageni ambao hata mmoja wao hakucheka. Nimesikia vilio vingi maishani. Hakuna sauti iliyonitisha kama kicheko changu mwenyewe siku ile. Yule mgeni mnene ndiye aliyeinuka, polepole, akaizima.

Mwalimu aliletwa kesho yake kutoka kijijini. Mimi nilikalishwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu ili niitwe nitakapohitajika. Benchi lile lilikuwa chini ya dirisha lenye wavu, na kila kilichosemwa ndani nilikisikia pamoja na vijiko vya chai. Walikuwa wanakunywa chai yenye sukari. Sauti ya yule mgeni haikupanda hata mara moja.

"Mwalimu, sauti hii ni yako?"

"Yangu."

"Na hili la duka, unalifundisha kwa mtaala gani?"

"Ni mfano tu, ndugu. Watoto wanaelewa wanachokiona."

"Kaseti ilifungwa isinase. Mtu ameweka karatasi hapa. Unaiona? Ina wino mwekundu. Mama mkuu anasema wino huu unao wewe tu."

Nikasikia karatasi ikisogezwa mezani. Nilijua Mwalimu anaona nini. Ile pembe niliyoichana ilikuwa na alama yake, kipande cha namba na mstari mrefu aliozoea kuupiga chini ya jibu. Mwalimu anayesahihisha madaftari ishirini na manane kila wiki analijua kila daftari, mimi nalijua hilo sasa kwa kuwa nimekuwa mwalimu. Aliitazama karatasi ile, akajua ni ya nani, na mwenye karatasi alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake, nyuma ya ukuta.

"Wino ni wangu," akasema.

"Na aliyeiweka?"

"Somo langu, sauti yangu, wino wangu. Mnataka niwape nini tena?"

Sikuitwa. Wakatoka, na Mwalimu Nkwabi akapita mbele ya benchi langu. Nikasimama nikasema shikamoo mwalimu, maana mdomo ndio uliozoea. "Marahaba, Zuhura," akasema. "Waambie wenzako nataka madaftari yote jioni hii. Sijasahihisha zoezi la wiki jana."

Alipewa siku mbili za kufunga vitu, na katika siku hizo mbili alisahihisha. Madaftari yalirudishwa na Salma, akiyabeba kichwani kutoka nyumba za walimu. Nililifungua langu bwenini. Ule ukurasa uliochanwa pembe haukuwepo tena. Alikuwa ameukata wote kwa wembe, kwenye mshono, kwa uangalifu hata ungedhani daftari lilitoka kiwandani hivyo, na ule ukurasa pacha wake upande wa pili ameukata pia usining'inie. Zoezi la mwisho alilisahihisha kama kawaida. Alinipa tisa, akaninyima moja kwa kusahau kuandika kipimo. Hakuandika neno lingine.

Salma alikuwa amesimama juu yangu, akaona. Siku zote alikuwa mwepesi kuliko mimi. Jumapili yake alinichukua nyumbani kwao, kama wakuu walivyoruhusu mara moja kwa mwezi, na nakumbuka kila kitu cha chumba kile cha nyuma ya duka: rafu za mbao hadi juu, tupu, zimefutwa vumbi kwa sababu bibi yake hakuweza kuvumilia rafu yenye vumbi hata kama haina bidhaa, na sinia yenye matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, wakati zamani mgeni wa nyumba ile alikula halua. Nilimwambia Salma nitakwenda kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ukisema," akasema, "mtaondoka wawili. Yeye hawatamrudisha, wanamtaka kwa mdomo wake, si kwa kaseti. Wewe utarudi Goweko. Basi atakuwa ameukata ukurasa ule bure." Bibi yake akaingia na kahawa, tukanyamaza. Nilijua kwamba Salma anasema kweli, na nilijua vilevile kwamba nimefurahi kuusikia ukweli huo. Nisiseme uongo hapa. Nilifurahi, na nikala matobolwa.

Jumatatu lori lilikuja nyumba za walimu. Kwanza lilimchukua yeye peke yake kwenda mahali ambapo hatukuambiwa, na siku kadhaa baadaye likarudi kuchukua mkewe, watoto na vitanda, kuelekea kijiji kipya upande wa Igunga. Tulikuwa kwenye shamba la shule tukipalilia. Lori lilipita kwenye barabara ya zamani, ile wapagazi wa misafara waliyoipita na pembe za ndovu mabegani, na Kabula alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, amevaa sare ya shule ya msingi. Hakutupungia. Wiki tatu baadaye niliingia kwenye mtihani. Swali la pili la fizikia lilihusu ukinzani. Nililijibu lote, na kipimo nikaandika.

Kutoka Tabora hadi Igunga basi linafika kabla hujasinzia vizuri. Sikuwahi kwenda. Nilipochaguliwa kuendelea nilisema nitakwenda likizo. Nilipoajiriwa nilisema nitakwenda nikiwa na cha kumpelekea. Nilipokuwa mkuu wa shule nilisikia kwamba aliachiwa baada ya miezi, hakurudishwa kazini, analima pamba na mpunga, na watoto wa kijiji wanamwendea kwa hesabu. Nikasema, basi, yuko salama. Mtu anaweza kuishi na sentensi kama hiyo kwa muda mrefu sana.

Nilifika msibani wamekwisha kuzika. Uani wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakichagua mchele, na mmoja wao akainuka kunipokea, mwanamke wa karibu umri wangu, mrefu, mikono ya jembe. Nilimtambua kwa urefu. Nilipojitaja na kusema nilisoma kwa baba yake Tabora, Kabula alinishika mikono yote miwili. Akawaita wengine waje wamwone mwanafunzi wa Baba, mkuu wa shule mzima. Wakaniletea kiti, nikakikataa, nikakaa mkekani.

"Afadhali umekuja," Kabula akasema. "Watoto hawa wana simu, kila mmoja na yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumnasa Baba akiongea. Alikuwa akiona simu imeinuliwa ananyamaza. Hata harusini. Anakaa hivyo mpaka uishushe. Tuna picha tu, amefunga mdomo. Wewe ulimsikia darasani. Alikuwa anafundishaje?"

Nilianza kusema kwamba alikuwa mwalimu mzuri, maneno wanayosema watu misibani. Kisha nikasikia ninasema mengine. Nikawaambia mkondo wa umeme ni watu na ukinzani ni mlango wa duka siku ya sukari, na wale wanawake wakacheka, wanaoijua foleni ile, na Kabula akacheka akifuta macho kwa ncha ya kanga. Kicheko kile sikukiweza. Nikamwambia yote, pale pale, mchele ukiwa kwenye ungo mapajani mwake: kaseti, karatasi, benchi, wembe. Sikujitetea kwa umri. Nilipomaliza hakuna aliyekuwa anachagua mchele.

 Kabula aliokota jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa.

"Mtihani wangu wa darasa la saba," akasema, "ulifanyika wiki ile tuliyohama. Kule tulikopelekwa hapakuwa na shule bado. Palikuwa na mti uliopigwa alama ya chokaa." Hakupandisha sauti, sawa na baba yake. "Nilimuuliza Baba nani alifanya. Mara nyingi nilimuuliza. Akasema si mtu, ni betri."

Nikamwomba msamaha. Nilisema kwa magoti, kama tunavyosema kwetu.

"Msamaha sijui kama ninao, Mwalimu," akasema. "Sitakudanganya leo. Lakini somo unalo wewe." Akamwita mjukuu wake, akachukua simu ya mtoto, akaibonyeza mwenyewe na kuiweka mkekani katikati yetu, kioo juu. "Liseme lote. Toka mwanzo mpaka mwisho, kama alivyosema yeye. Hawa walisikie."

Nikasafisha koo. Nikasema, haya, jana tulisema. Nikasema mkondo wa umeme ni watu, waya ni njia. Nikafika kwenye mlango wa duka la ushirika, watu wengi, wanasuguana, kunakuwa na joto, nani hajawahi kutoka pale na jasho. Hapo nikasimama. Nilijua kwamba baada ya kicheko aliendelea, alifundisha zaidi ya nusu saa nyingine, kulikuwa na mfano wa mto na mfano mwingine wa ng'ombe zizini, na swali alilotuuliza, na jibu. Nililitafuta neno la kwanza tu, ili mengine yalifuate. Halikuwepo. Nilikuwa nimelisikia somo lile mara moja, nikiogopa mtihani, na mara ya pili bwalo zima lilipolisikia, mtu alilizima pale pale.

Wanawake walikuwa wananingoja. Simu ilikuwa inahesabu sekunde, na Kabula hakuizima.